Kivuli cha Gego

Msikilizaji, kwa miaka hamsini kilima cha Kinyinya, hapa Kigali, kilikuwa kilima cha mawimbi. Kuanzia 1965 hadi 2015 redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilikuwa na kituo chake cha kurushia matangazo pale, na milingoti yake ilionekana kutoka mbali. Kama uliwahi kufungua redio ya masafa mafupi ukiwa Kindu, Tabora au Lindi, ukasikia Ujerumani inazungumza Kiswahili, basi huenda sauti ile ilikuwa imepitia Kigali kwanza. Mitambo yenyewe haikuwa ya mchezo: mmoja uliweza kusukuma hewani kilowati 250. Siku hizi nyumba zimepanda kilima kutoka Kagugu hadi Gacuriro, na mawimbi ninayotaka kuyazungumzia leo yanatoka kwenye mashine ndogo yenye mkono wa kukunjika, iliyofungwa ukutani katika chumba cha daktari wa meno. Inatumia nguvu ndogo mno kuliko hiyo, tena kwa muda wa kupepesa jicho.

Mawimbi haya mawili yana asili moja. Wimbi la redio ya masafa mafupi lina urefu wa makumi ya mita. La eksirei ya meno ni fupi kuliko sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, na kwa sababu ya ufupi huo lina nguvu ya kupita mahali ambapo mwanga wa taa unakwama. Linapita shavu, linapita ufizi, likifika kwenye mfupa linapunguzwa, kwenye jino linapunguzwa zaidi. Kinachofika upande wa pili ndicho kinachotengeneza picha. Unachooneshwa na daktari, kwa hiyo, ni kivuli cha jino. Naomba tushikilie neno hilo, kivuli, kwa sababu makosa mengi ya kusoma picha za meno yanaanzia pale mtu anapolisahau.

Kwa nini nimeamua kuzungumzia meno? Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba watu karibu 65 katika kila 100 wamewahi kupata tatizo la kuoza meno. Zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa na meno mabovu ambayo hayajatibiwa. Na watu 7 katika kila 10 hawajawahi kwenda kwa mhudumu wa meno hata mara moja maishani. Yaani wengi wetu tunamfahamu daktari wa meno siku ambayo jino limeshatukosesha usingizi, tumeshajaribu karafuu, tumeshajaribu maji ya chumvi, na sasa tunataka jambo moja tu.

Tuseme ni mama wa makamo anayeuza mboga Kagugu. Shavu la kulia limemvimba kidogo. Ana kadi ya mituweli, bima ya afya ya jamii, kwa hiyo ameanzia kituo cha afya, akapewa karatasi ya rufaa, akafika hospitali ya wilaya. Anakaa kwenye kiti na kabla hajaulizwa lolote anasema, "Daktari, mimi ling'oeni tu, nirudi kazini."

"Pole sana, mama. Linakuuma ukinywa chai, au hata ukikaa tu?"

"Hata nikilala. Usiku ndiyo mbaya zaidi."

Daktari anachukua kioo kidogo cha kinywani, anatazama. Gego la chini lina tundu. Anagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo, kisha la jirani, kisha la upande wa pili, akimwomba mama anyooshe kidole kila linapouma. Anabonyeza ufizi. Anaweka kitu cha baridi juu ya jino aone kama linahisi. Hapo ndipo anaposema, "Mama, twende tupige picha." Angalia mpangilio huo. Mpaka anaomba picha, daktari ana swali kichwani: je, mfupa kwenye ncha ya mizizi umeanza kuliwa? Mizizi imekaaje? Kuna jino la kutosha la kuzibwa, au limekwisha? Picha imeitwa kuja kujibu. Anayepeleka mgonjwa kwenye mashine kabla ya kumfungua kinywa amegeuza kazi juu chini, hata kama mashine yake ni mpya namna gani.

Hii kazi ya kupiga picha meno ina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi hii huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na mwishoni mwa Desemba akautangazia ulimwengu. Wiki mbili baadaye hivi, Januari 1896, daktari wa meno wa Braunschweig aitwaye Otto Walkhoff alikata kipande cha kioo cha kupigia picha, akakifunga kisipenyezwe na mwanga wala mate, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatulia mbele ya mionzi kwa dakika 25. Dakika 25, msikilizaji. Leo kazi hiyo hiyo inachukua sehemu ya kumi ya sekunde, au zaidi kidogo. Walkhoff alipata picha hafifu ya magego yake, na bila shaka alipata na kitu kingine ambacho wakati ule hakuna aliyekijua.

Aliyekuja kukijua kwa gharama ni Edmund Kells wa New Orleans, Marekani. Huyu alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa meno kuleta eksirei katika kliniki, na aliipenda kazi hiyo kuliko kawaida. Alibuni vifaa vya kushikia filamu, alizunguka kuwafundisha wenzake, alihimiza kwamba mzizi wa jino usitibiwe bila kupigwa picha. Lakini mashine za siku zile hazikuwa na kipimo cha kuaminika, na njia ya kawaida ya kujua kama mionzi ina nguvu ya kutosha ilikuwa kuweka mkono wako mbele yake na kutazama mifupa ya vidole. Alifanya hivyo kwa miaka. Saratani ikaanzia mkononi. Alikatwa vidole, kisha kiganja, kisha mkono, na mwaka 1928 akafa akiwa amechoshwa na maumivu. Nimekaa kwa Kells muda mrefu kidogo kwa sababu sheria karibu zote zinazomlinda mgonjwa na mhudumu leo, kuanzia ile ya mhudumu kutoka chumbani hadi ile ya kutoshikilia filamu kwa kidole, zimetokana na mikono kama yake.

Baada ya vioo vikaja filamu, na filamu ndizo zilizotawala karne nzima ya ishirini. Bado zipo. Ukienda kliniki nyingi za Afrika Mashariki utakuta kipakiti cheupe cha sentimita 3 kwa 4, ndani yake mna filamu, karatasi nyeusi na kijikaratasi cha risasi. Baada ya kupigwa, filamu inapelekwa chumba cha giza kusafishwa: dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili, maji tena, halafu inaning'inizwa ikauke. Dawa zikichoka picha inatoka ya kijivu. Mlango ukifunguliwa kwa bahati mbaya picha imekwenda. Na zile dawa zilizotumika, zenye fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu, mara nyingi huishia kwenye karo, jambo ambalo halizungumzwi sana.

Dijitali iliingia kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha kielektroniki kinachoweza kunasa mwanga na kuugeuza kuwa hesabu. Kipande hicho kiliingia kwenye kamera na darubini za anga, na wenyewe wakapewa Nobel mwaka 2009. Kwenye meno kililetwa na Mfaransa, daktari wa meno Francis Mouyen, aliyejiuliza kwa nini asikitumie badala ya filamu. Mashine yake ya kwanza ikaingia sokoni mwaka 1987.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya kichwa cha mashine ya ukutani mna chupa isiyo na hewa. Waya mwembamba unapashwa moto hadi elektroni zinachomoka, umeme wa volti 60,000 au 70,000 unazivuta kwa kasi na kuzigongesha kwenye kipande cha tungsteni. Asilimia 99 ya nguvu hiyo inapotea kama joto. Asilimia moja, au pungufu, ndiyo inayotoka kama eksirei. Kitufe kikiachiwa, mionzi imekwisha; hakuna kinachobaki chumbani, hakuna kinachobaki mwilini mwa mgonjwa. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia watu wakikataa kukaa kwenye kiti alichokalia mtu aliyetoka kupigwa picha.

Upande wa pili, ndani ya kinywa, kuna kihisi: kibamba kigumu chenye waya unaokwenda kwenye kompyuta, kimevikwa mfuko mpya wa plastiki kwa kila mgonjwa kwa sababu hakivumilii kuchemshwa kama vyombo vingine. Eksirei zikifika zinagonga kwanza tabaka la fuwele linalozigeuza kuwa mwanga, na mwanga huo ndio unaosomwa na chipu. Fikiria umepanga uani madebe madogo, safu kwa safu, mvua ya Aprili inanyesha, na mwavuli umetundikwa juu ya baadhi yake. Mvua ikikatika, unapita debe kwa debe ukipima maji na kuandika. Yaliyokuwa chini ya mwavuli yana maji kidogo, ya pembeni yamejaa. Ukipanga vipimo vyako vizuri kwenye karatasi utaweza kuchora umbo la mwavuli bila kuwahi kuuona. Kihisi kina madebe ya namna hiyo zaidi ya milioni moja, kila moja likiwa na upana wa milimita 0.02 hivi, na kompyuta ndiyo inayopita kupima. Debe lililopata mionzi mingi linapewa rangi nyeusi. Lililofunikwa na jino linapewa nyeupe. Katikati kuna vivuli vya kijivu, 256 kwenye mfumo mdogo, 4,096 au zaidi kwenye mikubwa, vingi kuliko macho yetu yanavyoweza kutofautisha kwa mara moja. Ndiyo maana daktari huongeza na kupunguza mwanga wa picha kwenye skrini: anatafuta kijivu ambacho kipo tayari lakini jicho halijakiona.

Ipo na njia ya pili, bamba la fosfa. Hili ni jembamba, linakunjika kidogo, halina waya, na watoto wanalivumilia zaidi kinywani. Linahifadhi nguvu ya eksirei, kisha linapitishwa kwenye kisomaji chenye mwale wa leza, linatoa mwanga, picha inaundwa. Mwanga mkali unalifuta na linatumika tena. Ubaya wake ni kukwaruzika. Bamba lililochakaa linatoa picha yenye mistari ambayo mgeni anaweza kudhani ni ufa wa jino. Kihisi cha waya kinatoa picha kwa sekunde chache lakini bei yake ni maelfu ya dola, na mgonjwa mmoja akiuma waya kwa hasira, kliniki ndogo imeyumba mwaka mzima.

Turudi kwa mama wetu. Picha yake imetokea kwenye skrini. Sehemu nyeupe zaidi juu ya jino ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake dentini, nyeupe iliyofifia. Katikati, mstari wa giza unaoshuka kwenye mizizi, ni kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na neva. Tundu linaonekana kama doa jeusi lililokula kutoka juu na kukikaribia kiini. Na kwenye ncha ya mzizi mmoja kuna duara la giza: pale mfupa umeyeyuka, usaha umejitengenezea nafasi. Hapo ndipo daktari anapoigeuza skrini kuelekea kwa mama. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa lililoletwa na dijitali, kuliko kasi, kuliko kuachana na dawa za chumba cha giza. Zamani filamu ya sentimita 3 ilishikwa juu ya taa, daktari akakunja uso, mgonjwa akaambiwa hukumu. Sasa jino limejaa skrini, na mama anaweza kunyoosha kidole na kuuliza, "Hili jeusi la huku chini ni nini?" Akishauliza hivyo, ile "ling'oeni tu" imepata mshindani. Anaweza kuambiwa kwamba mizizi inasafishika, kwamba mfupa ule unaweza kujaa tena baada ya miezi, na kwamba picha ya pili itapigwa siku za mbele ili kulinganisha. Anaweza pia kuambiwa kwamba jino limekwisha na akaona kwa macho yake kwamba limekwisha. Kung'oa baada ya kuelewa si sawa na kung'oa kwa kukata tamaa, ingawa ganzi ni ile ile.

Ila kivuli ni kivuli. Jino lina unene pande zote, picha imelala bapa; mizizi miwili iliyofuatana inaweza kupandana ikaonekana mmoja, na daktari mzoefu anasogeza mashine pembeni kidogo apige ya pili ili itengane. Tundu haliwezi kuonekana mpaka jino limeshapoteza sehemu kubwa ya madini yake pale, theluthi moja au zaidi, kwa hiyo uozo halisi siku zote umekwenda mbele kuliko picha. Jipu changa halionekani: jino linaweza kukupigisha kelele usiku kucha na picha ya asubuhi ikawa safi. Upande wa pili kuna picha zinazosingizia. Shingoni mwa jino, pale enameli inapokoma na mfupa haujaanza, mionzi inapita kwa urahisi na kuacha weusi unaofanana sana na kuoza. Ukiongeza utofauti wa rangi kwenye kompyuta weusi huo unakuwa mweusi zaidi na wa kushawishi zaidi. Programu inaweza kung'arisha, kukuza, hata kupaka rangi, lakini haiongezi habari ambayo kihisi hakikunasa. Meno mazuri yameshachokonolewa kwa sababu ya kivuli cha shingoni.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye lile lililonileta leo. Filamu ilikuwa na breki yake. Kila filamu ilikuwa na bei, kila filamu ilidai dawa na dakika za kusubiri, kwa hiyo mhudumu alifikiri mara mbili kabla ya kubonyeza, na akakaa vizuri kupanga pembe ya mashine ili asirudie. Dijitali imeiondoa breki hiyo. Picha imetoka imekatika kona? Rudia. Mgonjwa ametikisika? Rudia. Mzizi umetoka nje ya fremu? Sogeza, rudia. Kwa mwenye kliniki kurudia ni bure. Kwa mgonjwa si bure hata kidogo, kwa kuwa kila mbonyezo ni kipimo kingine cha mionzi. Kihisi cha dijitali kinahitaji mionzi kidogo kuliko filamu za zamani, mara nyingi nusu au pungufu, na hilo ndilo linalotangazwa kwenye vipeperushi. Lakini ukipiga picha tatu pale ilipotosha moja, ile nafuu yote umeila. Na tuseme ukweli: aliyekopa benki kununua mashine ana sababu nyingine ya kupenda picha nyingi, maana kila picha inaandikwa kwenye bili.

Nisije nikawatia hofu isiyo na msingi. Picha moja ndogo ya ndani ya kinywa, kwa vifaa vya kisasa, ni mikrosieverti chache, kati ya 1 na 8 hivi. Ardhi tunayokanyaga, chakula chetu na anga lenyewe vinatupa, kwa wastani wa dunia, kama 2,400 kwa mwaka, yaani zaidi ya 6 kila siku. Na sisi wa Kigali, tunaoishi kwenye mita 1,500 juu ya bahari, tunapokea mionzi ya angani zaidi kidogo kuliko mtu wa Tanga. Kwa hiyo picha ya jino ni kama kuishi siku moja. Ile kubwa inayozunguka kichwa na kuonesha taya zote ni mara kadhaa ya hapo, na ile ya pande tatu, inayohitajika kwa upasuaji mgumu wa taya au kupandikiza meno, inaweza kuwa mara kumi au mara nyingi zaidi. Anayeomba ya pande tatu kwa ajili ya tundu la kawaida ana maelezo ya kutoa.

Kuna ushauri mmoja mpya ambao utawashangaza wengi. Tangu zamani tumezoea kuvikwa aproni nzito ya risasi, na wapo wanaoamini kliniki isiyo na aproni ni ya kihuni. Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mapendekezo kwamba aproni hiyo na kola ya shingo hazihitajiki tena kwa picha za kawaida za meno, kwa sababu mionzi inayotawanyika hadi tumboni ni kidogo mno, na aproni iliyokaa vibaya inaweza kuziba picha na kusababisha kurudia. Kinacholinda zaidi ni kuubana mwale wenyewe: kuweka mdomo wa mashine wa umbo la mstatili unaolingana na kihisi badala ya ule wa mviringo, jambo linaloweza kupunguza kipimo kwa karibu nusu. Sheria ya nchi uliyopo au desturi ya kliniki inaweza bado kudai aproni, na ukivikwa usigombane na mtu. Mama mjamzito amwambie daktari hali yake mapema. Kama jino lina usaha, picha inapigwa. Mwale hauelekezwi tumboni, na maambukizi yaliyoachwa ndiyo hatari yenyewe.

Ninachokihofia kwa kweli ni mashine ndogo za kushika mkononi, kama zile zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Zilizotengenezwa vizuri zina ngao ya kumkinga anayeishika na zinasaidia sana vijijini na kwa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Zisizo na ngao ni kumrudisha Kells kazini. Mwaka 2012 mamlaka za Uingereza zilikamata mashine za namna hiyo na kuwaonya madaktari wasizinunue. Rwanda nayo ilitunga Sheria Namba 59/2017 ya kinga dhidi ya mionzi, na usimamizi ukapewa RURA, mamlaka ile ile tunayoifahamu kwa bei za mafuta na nauli za basi. Chombo cha mionzi kinahitaji kibali. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kibali kipo, kwa upole, na kliniki yenye kibali haitakasirika.

Nani atafanya kazi hii vizuri? Kwa miaka mingi meno ya Rwanda yalishikiliwa zaidi na matabibu wa meno waliofundishwa nchini, katika iliyokuwa Taasisi ya Afya ya Kigali, KHI, huku daktari kamili wa meno akisomea nje. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza kufundisha shahada ya udaktari wa meno, kwa kushirikiana na watu wa Harvard, na kundi la kwanza likahitimu 2018. Hawa vijana wamesomea skrini. Wengine hawajawahi kusafisha filamu. Sina wasiwasi na vidole vyao. Ningependa tu kila mmoja wao, kabla ya kubonyeza, aweze kumwambia mgonjwa kwa sentensi moja anatafuta nini. Sentensi hiyo ikikosekana, picha isubiri.

Limebaki suala la picha yenyewe baada ya kupigwa. Ni faili dogo, linaingia kwenye flashi, linasafiri kwa simu. Rwanda ina Sheria Namba 058/2021 ya ulinzi wa data binafsi, na habari za afya yako zimo humo kama data nyeti; haifai taya lako lizunguke kwenye kundi la WhatsApp likiwa na jina lako pembeni. Wewe mwenyewe, hata hivyo, omba nakala. Ukihamia kliniki nyingine, picha ya mwaka jana inaweza kuepusha kupigwa nyingine leo, na kulinganisha mbili za miaka tofauti kunaonesha mambo ambayo moja haiwezi. Omba faili lenyewe. Skrini iliyopigwa picha kwa simu imeshapoteza vile vijivu vyembamba tulivyovizungumzia.

Ukilipokea, hakikisha mambo manne: jina lako, tarehe, namba ya jino, na upande. Namba ina tarakimu mbili. Gego la yule mama ni 46: nne ni robo ya chini kulia, sita ni jino la sita ukihesabu kutoka katikati ya kinywa. Upande nao si jambo la kupuuza. Filamu ya zamani ilikuwa na nundu ndogo ya kuonesha uso wake. Faili la kompyuta linageuzwa kama kioo kwa mbonyezo mmoja, na 46 ikaonekana kama 36, jino zima la kushoto ambalo halijamkosea mtu. Kabla ya ganzi, mwombe daktari akuoneshe kwenye skrini jino analokwenda kulishika, nawe uliguse kwa ulimi.